Vua Kofia, Burito

Kama kuna mtu pale soko la Nyasho aliyekuwa hajui kukaa peke yake, ni Anastazia Nyamhanga. Miaka yote aliyouza maziwa ya mgando, kibanda chake kilikuwa na benchi la wateja wanaokunywa na benchi la wasiokunywa, na hilo la pili ndilo lililojaa siku zote. Watu walikuja kumsikiliza. Alijua nani kaachwa na nani karudiwa, padri gani kahamishwa na kwa nini, na alisimulia huku mkono ukimimina maziwa kwenye kikombe bila kumwaga hata tone. Kula alikuwa hajawahi kula peke yake. Mtu akipita wakati ameshika kijiko, lazima aitwe, hata kama ni yule aliyegombana naye asubuhi.

Mtu huyo sasa alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mwisho cha hospitali moja hapa Musoma. Kitanda kimoja, kiti kimoja, dirisha moja lenye kioo na wavu, na mlangoni karatasi ya kukataza watu kuingia. Ukitaka kumwadhibu msemaji, huna haja ya kumpiga. Mfungie humo.

Hakuwa amefanya kosa lolote. Ini lake lilikuwa limekufa. Kirusi cha homa ya ini kilikuwa kimekaa mwilini mwake miaka mingi bila yeye kujua, na kilipojitokeza, ini lilikuwa limesinyaa na kuwa gumu, macho yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa maji. Sokoni wakasema ni pombe. Anastazia hajaionja pombe tangu azaliwe, lakini maneno ya sokoni hayangoji vipimo. Madaktari walisema hakuna dawa tena, labda apate ini la mtu mwingine, na huo upasuaji ukafanyiwe India.

Nyumbani kwao ni kijijini, Butiama. Siku jambo hilo lilipopelekwa ukoo, wa kwanza kusimama alikuwa mama yao, Bibi Getruda, mwanamke aliyekuwa bado analima na kukama akiwa na zaidi ya miaka sabini. Alisema wamkate yeye. Walipomweleza kwamba madaktari hawachukui ini la mzee wa umri wake, aliona wanamdharau.

"Hilo la kwanza nilimpa mimi," alisema. "Kwa nini la pili atoe mwingine?"

Bibi alinuna mpaka siku ya safari, na hata siku hiyo aliwaaga akiwa ameshika jembe, kana kwamba wanamchelewesha shambani.

Aliyekubaliwa na vipimo alikuwa Burito, mdogo wake Anastazia wa mwisho, mfugaji. Ni yeye aliyekuwa akimletea dada yake maziwa kutoka Butiama kila siku kwa bodaboda. Ng'ombe wengine waliuzwa, kanisa likachanga, serikali ya mtaa nayo haikukosa mkono, wakaenda wawili na wakarudi wawili. Burito alikatwa kipande cha ini, akapandikizwa dada yake. Madaktari waliwahakikishia kwamba ini hukua tena, la mtoaji na la mpokeaji, kila mmoja akapata la kumtosha. Burito alilipokea jambo hilo kama alivyolipokea kila jambo, kwa mzaha. Alisema kwao ng'ombe akichinjwa kila kipande kina mwenyewe na kila mwenyewe anapewa na chumvi, lakini yeye kakatwa ini na hata chumvi hakuonjeshwa.

Walirudi. Burito akaenda kwa ng'ombe wake huku amekatazwa kubeba vizito, Anastazia akabaki Musoma kwa binti yake Selestina. Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri. Kisha homa ikaja, ikakataa kuondoka, ikabidi alazwe. Daktari alimweleza vizuri: zile dawa anazomeza ili mwili usilikatae ini la mdogo wake zinawalaza usingizi askari wote wa mwili. Mgeni hapigwi, sawa, lakini na wezi nao wanaingia bila kuulizwa. Kikohozi cha mtu mwingine, kwake kinaweza kuwa jeneza. Kwa hiyo asishikane mikono na mtu, asile kisichoiva, na maziwa ya mgando asiyaguse kabisa.

"Daktari, mimi ndiyo kazi yangu hiyo," Anastazia alisema. "Watu watasema nilikuwaga nawauzia sumu."

Daktari alicheka. Anastazia hakucheka.

Mwanzoni watu walikuja. Walikuja wa Nyasho, wakaja wa kwaya, wakaja na jamaa kutoka Nyamuswa na Bunda. Walipangwa kwenye veranda na kuambiwa waongee kupitia dirishani, barakoa usoni. Sasa niambie, hiyo ni kumwona mgonjwa? Kwetu kumwona mgonjwa ni kukaa kwenye kitanda chake mpaka kibonyee, kumshika mkono, kumwombea ukiwa umemwekea kiganja kichwani, na kubishana na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu nani kapona haraka. Chakula walichobeba kilirudishwa na vyombo vyake. Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu uji wake uliulizwa, ukapimwa, ukakataliwa mlangoni. Watu wakaona aibu ya kwenda mikono mitupu na aibu ya kurudi na mabakuli yaliyojaa. Wakapungua, mmoja mmoja, bila ubaya wowote moyoni.

Kilichomwumiza zaidi ni saa ya kuona wagonjwa. Wodi ya akina mama ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Mchana kengele ikigongwa alisikia familia zikiingia, vifuniko vya hotipoti vikifunguliwa, watoto wakikemewa, mtu akicheka hadi anakohoa. Harufu ya sato wa kuchemsha ilipita chini ya mlango wake. Yeye alikuwa na sahani yake iliyofunikwa, na hakuna wa kumwambia karibu. Alijaribu kuongea na sahani, akajiona mjinga, akanyamaza. Alikula kidogo kidogo, macho ukutani, na mara nyingi machozi yalitangulia kijiko.

Kitu kimoja tu kilimshikilia. Jioni, Burito akishamaliza kukama, alikuwa anapiga simu.

"Kipande changu kinaendeleaje?" alikuwa akiuliza, hata salamu hajatoa.

"Kimelala."

"Kikikusumbua kiambie mwenyewe yupo Butiama, nitakuja kukichapa."

Basi Anastazia angesimuliwa ng'ombe mmoja mmoja, nani kazaa, nani kakataa kukamwa, mama kagombana na nani. Mama mwenyewe hakuwa mtu wa simu. Alisema sauti isiyo na mdomo haiaminiki. Alichofanya ni kusimama nyuma ya Burito na kuuliza kwa sauti ya juu kama mtoto amekula, na Anastazia, mtoto wa miaka arobaini na minane, alijibu kwa kupiga kelele kwamba amekula. Mazungumzo yote hayakuzidi muda wa kunywa chai. Lakini siku nzima ya Anastazia ilikuwa inaelekea huko.

Kisha jioni moja simu haikuja.

Alijiambia chaji imeisha. Jioni ya pili akapiga mwenyewe, yule dada wa mtandao akamwambia namba haipatikani. Kesho yake vilevile. Selestina alipokuja dirishani, Anastazia alimwuliza mjomba wake yuko wapi.

"Ameenda Mugango, mama. Kuna mtu anauza mtamba."

"Simu je?"

"Huko mtandao unasumbuaga."

Siku iliyofuata alikuja Mzee Wanzagi, baba yao mdogo, mkubwa wa ukoo kwa sasa. Alisimama dirishani na kofia yake ya pama ambayo hata kanisani anaivua kwa kulazimishwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anakusalimia sana."

"Burito yuko wapi?"

"Burito? Yuko mnadani Nyamuswa huko. Mambo ya ng'ombe, si unamjua."

Anastazia alimjua Burito, na alijua pia kwamba mtu mmoja hawezi kuwa Mugango na Nyamuswa kwa wakati mmoja. Akaweka mkono kwenye kovu la upasuaji.

Maana uongo huo aliufahamu. Kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Akifa mtu wa nyumbani huku mwenzake yuko kitandani, wanaomwuguza wanakula kiapo cha kunyamaza mpaka apate nguvu za kulia. Ni huruma, na sisemi vibaya. Na katika huruma hiyo Anastazia alikuwa fundi. Baba yao alipovunjika mguu na kulazwa Bunda, kaka wa damu wa huyo baba alifariki wiki ileile, na ni Anastazia aliyesimamia mpango mzima. Aliwakusanya ndugu, akawaambia atunge mmoja, wafuate wote. Marehemu akapelekwa Mugumu kutembelea binti, akaugulia huko mafua, akapata nafuu, akatuma na salamu, yote haya akiwa kaburini. Baba alikuja kuambiwa akiwa anatembea kwa mikongojo, akalia kwa heshima zake.

Sasa hawa wa leo hata kudanganya hawajui. Mmoja Mugango, mwingine Nyamuswa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko veranda ya hospitali.

Angeweza kuuliza wazi. Lakini akiuliza atawafedhehesha watu wazima waliosimama juani kwa ajili yake, na zaidi ya hapo, akiuliza atajibiwa. Kabla ya jibu Burito alikuwa bado yuko nusu hai. Anastazia alichagua hiyo nusu.

Mchana ule, wodi ya pili ikiwa imejaa wageni, alifumba macho akaomba. Hakuomba kwa maneno ya kanisani. Alisema, Mungu, kama kifo kimeshaingia kwenye ule ua wetu, kiwe kimemchukua mtu mwingine. Mtu mwingine yeyote, mimi sichagui. Ila asiwe Burito. Alirudia mara nyingi, midomo ikicheza, mpaka nesi aliyeleta maji akadhani anaongea naye.

Selestina alirudi kabla ya Jumapili. Alikuwa amefunga kilemba. Tangu awe msichana, Selestina hakuwahi kufunika kichwa. Misuko yake ilikuwa mirefu hadi mgongoni, na kila mwezi mama yake alimkemea kwa ajili hiyo na kila mwezi akajivunia kwa majirani. Walikuwa wanaongea habari za uji, mzito au mwepesi, upepo wa ziwani wa mchana ukaja kama kawaida yake, ukazunguka veranda, ukainua ule ukingo wa kilemba nyuma ya sikio.

Hapakuwa na msuko. Palikuwa na ngozi, na nywele changa zinazoanza kuota.

Kwao, mtu wa ndani ya ua akizikwa, watoto na wajukuu wa ua ule wananyolewa. Selestina alikidaka kilemba haraka, akaendelea kuongea kuhusu uji. Anastazia naye akajibu kuhusu uji. Akasema mwepesi ni bora. Binti alipoondoka, mama alijigeuza upande wa ukuta na kukaa hivyo hadi sahani ya jioni ilipokuja na kupoa.

Kwa hiyo Burito amekufa. Hakuhitaji kuambiwa amekufa na nini. Mtu mzima, mwenye nguvu, hajawahi kulazwa maishani mwake, anapasuliwa tumbo kwa ajili ya dada yake, anarudi nyumbani, anakufa. Anayeua si lazima ashike panga. Akilini alimwona mama yao akiwa ameketi mlangoni, anamtazama kila anayepita, na hakujua siku moja atamtazamaje usoni.

Watu wengine wangekataa dawa hapo. Nesi Flora, aliyekuwa akimhudumia zamu nyingi kuliko wengine, alikwishaona wagonjwa wa namna hiyo, wanaotema vidonge nyuma ya kitanda. Anastazia alifanya kinyume. Alizimeza zote, kwa saa yake, kabla hata hajakumbushwa. Kama saa ilifika na nesi hajatokea, aligonga chuma cha kitanda kwa kikombe. Ndani ya tumbo lake kulikuwa na kipande cha Burito, kipande pekee kilichobaki juu ya ardhi, na kilikuwa chini ya ulinzi wake. Akizembea, mdogo wake atakufa mara ya pili, na safari hii hakuna wa kusingiziwa.

Alianza kukiongelesha. Akila aliweka mkono upande wa kulia, chini ya mbavu. "Kula," alikiambia. "Leo ni ndizi." Jioni, saa ile ya simu, alikiuliza kinaendeleaje, akajijibu mwenyewe kwamba kimelala. Kwa nesi, kwa daktari, kwa Selestina dirishani, hakuwa na neno zaidi ya ndiyo na hapana. Homa ilikuwa imeshuka, vipimo vya ini vilikuwa vizuri kabisa, na mgonjwa mwenyewe alikuwa anakwisha kama mshumaa. Daktari alikuna kichwa. Alitafuta ugonjwa, na ugonjwa haukuwepo.

Nesi Flora ndiye aliyeuliza. Alikuwa mama wa makamo kutoka Nyasura, Bunda, mwenye miguu inayovimba na mdomo usiozunguka. Alikuwa anambadilishia shuka.

"Mama, mimi nimekuzoea unasemaga sana. Siku ya kwanza ulinieleza habari za soko zima. Sasa nini?"

"Sista, waambie watu wangu wasipate tabu tena. Mimi najua."

Flora aliacha shuka. "Unajua nini?"

"Burito amekufa. Waambie najua. Selestina avue kile kilemba, anapata joto bure."

Flora alikaa kwenye kiti, jambo ambalo katika chumba kile haliruhusiwi. "Nani amekwambia Burito amekufa?"

"Kichwa cha mwanangu."

"Mama, sikiliza. Burito ni mzima."

"Ndivyo inavyosemwaga," Anastazia alisema kwa upole, kama anayemfundisha mgeni kazi. "Hata mimi nilisemaga hivyohivyo pale Bunda. Tena mimi nilimpa na mafua."

Nesi alikuwa ameapishwa na ukoo kunyamaza, na hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa anaweza kukisia vibaya. Alitoka na shuka chafu mikononi, na huko koridoni Anastazia akasikia anaongea na simu, sauti imepanda kuliko inavyofaa hospitalini. Hakuyashika maneno. Alidhani anagombana na mumewe.

Kesho yake kengele ya wageni ilipogongwa, mtu alisimama dirishani. Alikuwa mrefu, amevaa jaketi, barakoa, na kofia ya kufuma iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Anastazia alimtazama bila kuinuka. Watu warefu wako wengi Mara, na barakoa inaweza kuvaliwa na yeyote. Ukoo ukiamua kudanganya unaweza hata kuazima mtu.

"Kipande changu kinaendeleaje?" mtu yule akauliza.

Anastazia hakujibu kwamba kimelala. Alitoka kitandani akiburuta ule mpira wa dripu, akafika kwenye kioo, akaweka viganja vyote viwili.

"Fungua jaketi," alisema. "Nionyeshe."

Burito alifungua jaketi, akapandisha shati, pale pale kwenye veranda mbele za watu waliobeba mahotipoti. Kovu lilikuwa lilelile, lilianzia kifuani likashuka na kukunja kulia, pacha wa la kwake. Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka kwa sababu mwenyewe alikuwa anahema.

Hapo Anastazia alicheka. Alicheka kwa sauti ya Nyasho, ile ya benchi la wasiokunywa, mpaka wodi ya pili ikanyamaza kusikiliza. Alimtukana mdogo wake matusi ya utotoni, akamwita mbwa wa mnadani, akamwuliza mtamba wa Mugango yuko wapi. Machozi yalimfikia shingoni na hakuyafuta. "Mungu amesikia," alisema. "Burito, Mungu amesikia. Nilimwomba na amesikia."

Burito hakucheka. Yeye ambaye angecheka hata kwenye kitanda cha upasuaji, alikuwa anashusha shati polepole na kutazama vidole vyake.

Ndipo Anastazia akaiona ile kofia. Toka utotoni Burito hakuvaa kofia. Alichunga ng'ombe kwenye mvua na kwenye jua kichwa wazi, na mama alipomfumia moja ya sufu, alimvisha ndama.

"Vua kofia, Burito."

"Dada, kuna baridi."

"Mchana huu? Vua."

"Ndiyo maana nilikataaga kuja," alisema, na sauti ilikuwa imekwaruza. "Baba mdogo alisema nisipige hata simu. Akachukua laini yangu. Alijua mimi siwezagi kukudanganya. Ukiniuliza tu nitasema."

Alivua. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, nywele zikiota sawa na zile za Selestina.

Furaha ilikuwa bado iko usoni mwa Anastazia, haikuwa imepata muda wa kuondoka. Aliuliza baba mdogo yuko wapi. Burito akasema baba mdogo yuko pale nje kwenye benchi, anaogopa kuja. Akauliza watoto wa Burito. Wazima wote, wako shule. Akauliza mke wake. Mzima. Baada ya hapo ua ule ulikuwa umebakiwa na mtu mmoja tu, na yule mtu hakuwahi kuugua, na salamu zake zilikuwa zimeletwa dirishani kila siku.

"Mama," Anastazia alisema. Halikuwa swali.

Burito aliegemeza paji la uso kwenye wavu. Alisimulia bila kuinua macho. Ilikuwa jioni, amemaliza kukama, na kabla hajapiga simu mama alimwuliza kama lile ini limemkubali mtoto. Akamwambia ndiyo, madaktari wamesema limemkubali kabisa, hata homa inashuka. Mama akasema, basi. Akasema amechoka, akavuta kigoda, akakaa mlangoni. Burito aliingia ndani kutafuta simu, na alipotoka nayo akamwita mama aje aulize kama mtoto amekula, hakuitika. Walimzika kando ya baba.

Anastazia alisikia kila neno. Alitaka kulia kilio cha kwao, kile kinachovuka mto, lakini kilichokuja kwanza hakikuwa kilio. Zilikuja zile sala zake, moja baada ya nyingine, kama alivyozisema kitandani. Mtu mwingine yeyote, mimi sichagui. Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa wakati ule, hilo alilijua, sala haimfukui aliyezikwa wala haimuui mtu kwa siku zilizopita. Alijua hivyo kichwani. Moyoni alijua kwamba alipewa ua mzima achague, na akamshika mmoja, na mama yake alikuwa kati ya wale aliowaacha. Na sasa hivi tu, mbele ya watu, alikuwa amecheka na kushukuru.

Nesi Flora aliingia amevaa barakoa na glavu, akamrudisha kitandani. Anastazia alimwomba wembe.

"Wembe hapana, mama. Ukikatika ngozi kidogo tu tumerudi kule kule."

"Mimi ni mtoto wake mkubwa. Nitakaaje na nywele?"

Flora alifikiri, kisha akaenda akarudi na mkasi wa wodini, ameuchemsha, bado una joto. Alitandika taulo mabegani mwa mgonjwa, akazikata karibu kadiri mkasi ulivyoweza, huku vikonyo vikibaki hapa na pale kama shamba lililovunwa na watoto. Kwa desturi kazi hiyo hufanywa na shangazi, uani, ndugu wote wamekaa kwenye majani na kila mmoja anangoja zamu yake. Yeye alinyolewa na mtu wa Nyasura aliyevaa glavu, chumba kimefungwa, na ndugu yake wa tumbo moja akitazama kupitia kioo bila kuweza hata kuokota unywele. Burito alisimama hadi mwisho, kofia mkononi.

Kisha saa ya dawa ikafika. Anastazia alizimeza mbele yake, kimoja kimoja, na maji. Kile kipande kilikuwa na mwenyewe tena, hakikuwa cha kuongeleshwa na yeye peke yake. Kengele ya wageni kuondoka ilikuwa imekwisha gongwa, na watu wa mahotipoti walikuwa wanapita nyuma ya Burito kwenda getini.

"Lia tu, dada," Burito alisema. "Mimi sasa nitapigaga simu kila jioni kama zamani."

Anastazia aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumweleza ile sala. Alikuwa hajawahi kumficha Burito kitu, wala Burito hakuwahi kumficha yeye hadi walipomnyang'anya laini. Lakini mtu amekupa nusu ya ini lake, unampaje na hili alibebe nusu? Angeambiwa kwamba dada yake alimchagua yeye akamwacha mama, na angekula chakula chake na neno hilo siku zote. Kwa hiyo alijifunika shuka hadi kidevuni, kichwa kile kigeni kikimwasha, na akatazama dirisha.

"Unanitazamaga hivyo ukiwa na jambo," Burito alisema. "Ni nini?"

"Ni mama," Anastazia alijibu, na hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili alibaki nayo, Flora alipotoka na kufunga mlango.